Mwanao, Kiatu cha Tumboni na Mdomo Wako

Nyuma ya soko la viatu,
Chumba cha pili kutoka bombani.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua haianzi bila hilo. Usilishike sana. Tukifika chini nitaona kama nakuachia au narudi nalo nyumbani.

Habari za huko? Mgongo bado unakusumbua? Na yule bibi kizee unayemtunza, bado anakutupia vijiko? Kama bado, mpe salamu zangu, mwambie ana mtu anayemuunga mkono huku. Sisi hatujambo kwa mdomo. Mama hajambo, sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia limebaki kwa ajili ya kusikia yasiyomhusu. Wifi yako hajambo. Biashara nayo hivyo hivyo: mvua ikinyesha watu wanataka buti, mimi nina sandali, jua likiwaka wanataka sandali, mimi nimeshaleta buti. Mwenye jambo ni mwanao, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nashangaa. Shule iliniacha darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa wema. Lakini kwenye simu wewe hukai mtu akamaliza. Nikisema, unasema. Nikinyamaza, unasema. Nikipandisha sauti, unakata halafu unanitumia picha ya ua. Karatasi huwezi kuikata kauli. Unaweza kuichana, ila nakujua, utaisoma kwanza. Anayekuletea ni dereva wa lori, jirani yetu, na nimemwambia asinywe hata maji yako mpaka akuone umefika mwisho.

Dada, umefanya ujinga. Nimetafuta neno laini nimekosa. Wifi yako naye alitafuta, akaja na baya zaidi, tukaona bora tubaki na hili.

Nakueleza toka mwanzo, kwa sababu habari wewe umeipata kwa binamu yetu wa saluni, na habari ikipita saluni inaoshwa, inasukwa, inaongezewa na nywele zisizo zake.

Ulipoondoka mwaka jana, ulimuaga Mama, ukamuaga wifi yako, ukamuaga mpaka paka. Mtoto ulimwacha usingizini. Ulisema ukimuamsha atalia. Basi hakulia. Aliamka, akazunguka chumba, akaangalia nyuma ya mlango, akachungulia uvunguni, halafu akaja akakaa juu ya gunia la viatu akaniuliza, "Mjomba, na wewe utaenda nikilala?" Mimi na mdomo wangu wote huu nikampa kiatu akipige brashi.

Toka siku hiyo tumbo likawa linamuuma. Kila asubuhi ya shule, tumbo. Zahanati wakampima kila kinachopimika, tumbo zima kama jipya. Na yule mtoto uliyempa mwenyewe jina la Chiriku kwa sababu hakuwa anafunga mdomo, kipaji ambacho hakukiokota barabarani, akawa kimya kama mgeni. Simu yako ikiita, anaenda chooni. Wewe huko ukawa unalalamika: mtoto kafundishwa kiburi, mtoto hataki kuongea na mama yake. Nikikuambia anaogopa, unacheka. "Anaogopa nini, simu ina meno?" Dada, yako inayo.

Sasa shuleni kwao kuna nesi anakuja kila Jumatano masomo yakiisha. Mrefu, watoto wanamwita Twiga, na yeye anaitika. Anakusanya watoto wanane kwenye ile stoo ya madawati mabovu, wanakaa mkekani duara. Walimu ndio walimpa majina ya watoto walioanza kunyamaza, wanaolia bila kupigwa, wanaokaa peke yao ukutani. Chiriku akawemo.

Mimi nilienda kumuuliza uso kwa uso. Nikamwambia, "Nesi, mpwa wangu si mgonjwa." Akanijibu, "Najua. Angekuwa mgonjwa ningempeleka kwa daktari. Huyu nataka nimuwahi." Nikamwelewa hapo hapo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Kiatu uzi mmoja ukiachia, ukikipiga sindano leo, kesho mtu anakivaa kanisani, anakivaa msikitini, anakwenda nacho kuposa. Ukisema "ah, uzi mmoja tu," kiatu kinaanza kucheka. Na kiatu kikishacheka mpaka kisigino hakuna fundi, kinabaki cha kumtupia mbwa. Mwanao alikuwa kwenye uzi mmoja, Dada. Kwenye uzi mmoja tu.

Nikamuuliza tena kwa nini asimchukue peke yake, wanane wa nini. Akasema mtoto mwenye woga huwa anadhani duniani ni yeye tu mwenye moyo unaopiga ngoma. Na kweli. Jumatano ya kwanza Chiriku alirudi ana macho makubwa, akamwambia bibi yake kwenye lile sikio zima, "Bibi, hata Bucha anaogopa." Bucha ni mtoto wa mwenye bucha hapo kona, mkubwa kama mlango, akikohoa darasa zima linakaa chini. Kumbe akiitwa ubaoni mikono inamtoka jasho mpaka chaki inalowa. Siku hiyo Chiriku alikula, akamaliza, akaomba tena. Wifi yako akampakulia haraka kabla hajabadili nia.

Sasa nafika kwenye viatu, tulia usome vizuri, maana hapa ndipo binamu yako alipoongezea nywele.

Twiga anawafundisha kupumua. Usicheke, na mimi nilicheka. Mtoto akishikwa na woga anapumulia juu juu kifuani, kama kuku aliyetoka kukimbizwa. Basi analazwa chali mkekani, anawekewa kitu juu ya tumbo, anavuta hewa mpaka kile kitu kipande, anaiachia polepole mpaka kishuke. Kwingine wanatumia midoli. Hapa midoli iko wapi? Akaja kuniuliza kama nina chochote. Dada, mtu anayeuza viatu vya mtumba ana utajiri mmoja ambao haumsaidii: viatu visivyo na wenzake. Mguu mmoja umekuja, mwenzake kapotelea kwenye robota jingine, huuzi, hutupi, unaweka tu ukitumaini. Nikampa mfuko mzima.

Kila mtoto akachagua chake. Bucha alichukua kiatu cha kike chenye kisigino kirefu, chekundu, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Mwanao alichukua buti. Nikamwambia chukua chepesi, akasema, "Hapana, hili nikilipandisha najua nimelipandisha mimi."

Halafu kuna ngazi. Kila mtoto anachorewa ngazi kwa chaki sakafuni. Juu kabisa anaweka kile anachokiogopa, chini anaweka kidogo kidogo, na anapanda akiwa tayari, hasukumwi na mtu. Juu ya ngazi ya Chiriku kulikuwa na wewe. Si wewe kukuona. Wewe kuongea nawe kwenye simu, na kukuambia neno moja analotaka kukuambia. Chini kabisa alianza kushika simu iliyozimwa. Kisha kukaa chumbani inapoita, asikimbie. Kisha kumpigia bibi yake akiwa nje ya mlango, hilo lilichukua muda si kwa sababu ya mtoto, ni Mama, alikuwa anaweka simu kwenye sikio bovu anafoka, "Hewani hakuna mtu!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha akafanya mazoezi na kiatu. Buti sikioni, na Bucha kiatu chekundu sikioni, Bucha ndiye wewe. Nilikuwepo siku hiyo, nesi aliita walezi tuje tuone. Nilienda na mfuko wa bidhaa, si unanijua, nikauza jozi mbili kabla hatujakaa. Bucha akakaza sauti: "Haloo, mwanangu, umekula? Umeoga? Mbona huongei? Unaringa?" Dada, ungedhani ni wewe. Stoo nzima ikaangua kicheko. Chiriku hakucheka. Alishika buti, akavuta hewa, akasema neno lake, lote, mpaka mwisho. Bucha akashusha kiatu. Wenzake wakapiga makofi.

Neno hilo nalijua. Bucha analijua, Twiga analijua, na wale watoto wengine wote wanalijua. Wewe mwenyewe tu ndiye hujalisikia. Mimi sikuambii. Si langu.

Nami nikatakiwa niseme ninachoogopa. Nikasema naogopa wateja wanaojaribu viatu na soksi zilizotoboka. Watoto wakacheka. Mwanao akawaambia wenzake, taratibu kabisa, "Mjomba akiogopa ndiyo anachekesha." Nikafunga mfuko wa bidhaa, sikuuza hata jozi nyingine siku hiyo, jambo ambalo halijatokea tangu nianze biashara.

Ikabaki daraja moja juu ya ngazi, simu ya kweli. Alishachagua siku mwenyewe. Ndipo binamu yako akapita dirishani.

Alikuwa anapeleka mafuta ya nywele kwa mwalimu mmoja. Akachungulia stoo, akaona watoto wanane wamelala chali, macho wamefumba, viatu vimepanda juu ya matumbo, na mwanamke mrefu amesimama katikati anahesabu. Angeuliza. Mdomo si anao? Hapana, akatoka mbio, na kabla hajafika saluni wewe huko ulishajua kuwa mwanao anafanyiwa mambo, kwamba ni kikundi cha watoto vichaa, kwamba mimi ndiye ninayeleta vifaa. Hilo la vifaa ni kweli, nalikubali kwa fahari.

Na wewe, badala ya kunipigia mimi ninayelala na mtoto chumba kimoja, ukampigia mwalimu mkuu. "Mwanangu si kichaa, mtoe." Mwalimu mkuu akisikia simu imetoka mbali anasimama wima hata kama amekaa. Nilimfuata. Akaniambia, "Mama mzazi amekataa, mimi nifanyeje?" Nikamwambia mimi ndiye ninayemwamsha, ninayemlisha, ninayejua tumbo linauma upande gani. Akasema, "Lakini wewe ni mjomba tu." Dada, mjomba tu. Nimeitwa mengi sokoni, mwizi, tapeli, sauti ya debe. Hakuna lililoniuma kama hiyo "tu," na aliyempa nguvu ya kuisema ni wewe.

Ungeishia hapo ningekusamehe kwa bei ya jumla. Lakini ukapiga na nyumbani. Simu ikaita, mtoto akaiona ni wewe, na safari hii hakukimbia. Alikaa. Akavuta hewa, nikamwona tumbo linapanda. Akapokea mwenyewe, Dada, mbele yangu, akafungua mdomo. Na wewe ukamwahi: "Nani amekutuma ukatoe siri za nyumba yangu kwa watu? Unataka wakuite mwendawazimu?" Nilikusikia mimi, alikusikia Mama na sikio lake bovu. Hukuvuta pumzi mpaka ulipokata.

Mtoto hakulia. Si anayo kawaida ya kutolia? Akaweka simu chini kama yai.

Kesho yake simu haionekani. Nimepekua, nimewatukana majirani moyoni. Mchana mzee mmoja kaja mezani kwangu, kachukua buti jeusi, kaingiza mguu, buti likaita. Yule mzee aliruka akabaki amesimama juu ya mguu mmoja, anasema, "Kijana, viatu vyako vina nini?" Kumbe Chiriku aliitia simu ndani kabisa, akaisindikiza na soksi, akalirudisha buti kwenye biashara; si lile lake, lake liko shuleni stoo. Alitaka liuzwe, liende. Na aliyekuwa anapiga ni wewe, kuuliza kama mtoto ameshapata adabu. Nilikujibu nina mteja. Mteja nilimkosa pia.

Sasa tumbo limerudi. Hasemi. Na mwanzoni ilikuwa kukosa kusema tu. Sasa nikimtazama naona amefunga, kama duka. Uzi ule mmoja umekuwa tundu, kidole kizima kinapita. Bucha alikuja mezani juzi, akajifanya anaangalia viatu vya mpira. Akasema, "Mjomba, mwambie buti lake tunaliweka mkekani. Hatulali mpaka liwekwe." Akaondoka haraka, watu wasimwone.

Najua utakachosema, umekisema mara nyingi: sisi tulikula fimbo, hatukuwa na vikundi, na hatukufa. Kweli, hatukufa. Baba akikohoa pale mlangoni wewe ulikuwa unaingia uvunguni, mkubwa mzima, una matiti. Mimi nilikuwa nampokea na utani ili asianze na mimi. Ukawa wewe wa kukimbia, mimi wa kuchekesha, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, kila mmoja na uvungu wake. Mpaka leo mwanaume akikohoa nyuma yako unanyanyua mabega. Nimekuona stendi. Na ulipoondoka bila kumuaga mtoto, Dada, si kweli kwamba uliogopa atalia. Uliogopa wewe.

Haya, nimesema. Kama unataka kuichana, hapa ndipo pazuri, lakini ukishaichana unganisha usome huku mbele, maana ndiko kuna kazi.

Nesi amebakiza Jumatano chache. Likizo ikifika anahamia shule nyingine na mkeka wake. Nafasi ya mwanao ipo, lakini mwalimu mkuu anataka sauti yako, si yangu, mimi ni mjomba tu. Mpigie Jumatatu asubuhi, mwambie mtoto arudi. Usimweleze sababu, usimhadithie mgongo, usimwombee dua. Arudi, basi.

Ukishamaliza hapo, usipige nyumbani. Nakuomba na nakukataza. Usitume salamu, usitume picha ya ua. Simu niliiosha harufu ya soksi, naiweka rafuni mahali anapofika mwenyewe. Daraja la mwisho la ngazi si kazi yako kumteremshia. Atapanda akiwa tayari. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa likizo. Utakaa huko na roho juu, simu haiiti, hujui kama atapiga. Hivyo ndivyo yeye alivyokaa mwaka mzima, utajifunza utamu wake.

Mama anakusalimu, lakini amesema ni nusu salamu, nusu nyingine iko kwa mjukuu ukaichukue huko. Wifi yako hakusalimii, ameniambia niandike hivyo hivyo. Binamu wa saluni hajui kama nimeandika, ila akisikia salamu zake amezipata: nimempelekea kiatu kimoja kisicho na mwenzake, nikamwambia kikitimia jozi tutaongea. Yule bibi kizee mpe heshima zake.

Mungu akulinde huko uliko, akupunguzie mgongo, akupe riziki ya halali, na akupe na subira, maana kwenye ukoo wetu hakuna wa kukuazima.

Lile neno "mpendwa" baki nalo. Nimejaribu kulirudisha, limegoma.

Wako akupendaye na hasira zake zote,
Mdogo wako wa viatu.

Nimesahau moja. Siku simu yako ikiita na ni namba ya huku, pokea, halafu nyamaza. Ukisikia mtu haongei, anapumua tu, usiseme haloo haloo, usiulize umekula, umeoga, unaringa. Usikate. Hiyo pumzi ni buti linapanda. Lisubiri lishuke, ndipo atasema.